Mradi mmoja, folda tatu: namna ya kuokoa nafasi ya diski kwa linki

Mtu anayeandika mifumo ya wateja mara chache anashika kazi moja tu. Asubuhi anaongeza sehemu mpya, mchana mteja wa Tunduma anapiga simu kwamba toleo analotumia linakataa kuchapa risiti, jioni mwenzake anamwomba amjaribie tawi lake, yaani toleo lake la pembeni la mradi ule ule. Ili asivuruge kazi aliyokuwa nayo mkononi, ananakili folda nzima ya mradi, kisha ananakili tena. Baada ya muda kuna `mradi`, `mradi2`, `mradi-mpya` na `mradi-mpya-kabisa`, na kila moja imebeba historia yote ya mradi tangu siku ya kwanza. Kwenye laptopu used yenye SSD ya GB 128, folda hizo zinatosha kujaza diski.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetumia Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya mradi, kwenye Linux. Subversion, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, nitaigusa pia, kwa sababu kuna mifumo mikubwa ambayo bado iko huko. Kanuni inayoongoza kila hatua ni moja: unganisha kwa linki kile kisichobadilika, na kile unachokihariri kiache kiwe na nakala yake. Anayeishika kanuni hii anaokoa nafasi bila hofu. Anayeivunja anaweza kuharibu folda mbili kwa kuhariri moja, na asijue mpaka wiki imepita.

Tuchukue mradi wa mfano, mfumo wa kupokea parachichi kutoka kwa wakulima wa Rungwe na Njombe, uliopo kwenye `~/kazi/parachichi`. Folda ya `.git` ina GB 1.2, na mafaili ya kazi yana MB 600 kwa sababu ya picha za mashamba na ramani. Nakala tatu za kawaida zinakula GB 5.4.

Jua kwanza nini kinakula nafasi

Usianze kufuta wala kuunganisha kitu kabla hujapima.

```
df -hT ~/kazi
cd ~/kazi/parachichi
du -sh .git
du -sh --exclude=.git .
git count-objects -vH
```

Amri ya kwanza inakuonyesha nafasi iliyobaki na aina ya mfumo wa mafaili: `ext4`, `btrfs`, `xfs` au mwingine. Ikumbuke aina hiyo, maana hatua ya mbele inaitegemea. Mbili zinazofuata zinatenganisha historia na mafaili ya kazi. Ya mwisho inaonyesha hali ya ndani ya Git: `size-pack` ni ukubwa wa historia iliyokwisha kufungwa kwenye mafurushi, na `size` ni ukubwa wa vipande ambavyo bado vimetawanyika kimoja kimoja.

Vipande vilivyotawanyika vikiwa vingi, `git gc`, amri ya kuvifunga pamoja na kusafisha, peke yake inaweza kupunguza ukubwa kabla hujagusa linki yoyote. Ila usingoje diski ijae ndipo uiendeshe. Git huandika furushi jipya kwanza, kisha ndipo hufuta la zamani, kwa hiyo inahitaji nafasi ya kutosha furushi zima wakati inafanya kazi. Mpangilio huo ndio unaoilinda historia yako umeme ukikatika katikati.

Jaribio la dakika tano

Linki ngumu ni jina la pili la faili lile lile. Mtu anaweza kuitwa Baba Neema mtaani Soweto na kuandikwa jina lingine kwenye rejista ya kazini, na bado ni mtu mmoja. Jaribu kwenye folda tupu:

```
echo "Kahawa ya Mbozi" > a.txt
ln a.txt b.txt
ls -li a.txt b.txt
```

Namba ya kwanza kwenye kila mstari, yaani namba ya inodi (utambulisho wa faili lenyewe kwenye diski), ni ile ile kwa mafaili yote mawili. Baada ya ruhusa utaona tarakimu 2: faili hili lina majina mawili. Diski imetumika mara moja tu. Ukifuta `a.txt`, `b.txt` linabaki zima, kwa sababu data hufutika jina la mwisho linapoondoka.

Sasa angalia tabia mbili zinazoamua kila kitu kwenye mwongozo huu:

```
echo "Chai ya Mufindi" >> b.txt
cat a.txt
```

Maneno ya chai yametokea pia kwenye `a.txt`. Umeandika ndani ya faili lile lile, kwa hiyo majina yote mawili yanaonyesha badiliko. Endelea:

```
sed -i 's/Mbozi/Rungwe/' b.txt
cat a.txt
ls -li a.txt b.txt
```

Safari hii `a.txt` halikubadilika, na namba za inodi zimeachana. `sed -i` haiandiki ndani ya faili la zamani. Hutengeneza faili jipya na kulipa jina la lile la zamani, hivyo linki inakatika yenyewe.

Programu zote ziko upande mmoja au mwingine. Git inapobadilisha faili la kazi, kwa mfano unapohamia tawi jingine, hufuta la zamani na kuunda jipya, kwa hiyo inakata linki. Lakini kihariri cha nano huandika papo hapo ndani ya faili. VS Code vivyo hivyo. Vim, kwa mpangilio wake wa kawaida kwenye Linux, ikigundua faili lina majina zaidi ya moja huandika ndani yake makusudi ili isivunje linki. Mtu anayetumia Vim na kutaka linki ikatike anaweka mstari huu kwenye `.vimrc`:

```
set backupcopy=auto,breakhardlink
```

Sasa ndani ya `.git/objects` hali ni tofauti kabisa. Kila objekti ya Git, yaani kipande cha historia, imepewa jina kutokana na yaliyomo ndani yake, na huwekwa bila ruhusa ya kuandikwa. Yaliyomo yakibadilika, jina linabadilika, maana yake ni objekti nyingine. Hakuna anayeingia kuhariri ya zamani. Hicho ndicho kitu cha kuunganisha kwa linki, na Git inakufanyia yenyewe.

Hatua ya kwanza kuijaribu: worktree

Kwa mtu mmoja mwenye kazi mbili tatu za mradi mmoja, sioni sababu ya kutumia njia nyingine. Tangu Git 2.5 ya mwaka 2015, repo moja (mradi pamoja na historia yake) inaweza kuwa na folda nyingi za kazi, ndizo worktree, zinazotumia historia moja:

```
cd ~/kazi/parachichi
git worktree add ../parachichi-risiti toleo-2
git worktree add -b mizani ../parachichi-mizani
git worktree list
```

Amri ya pili inafungua tawi la `toleo-2`, ambalo tayari lipo, kwenye folda ya pembeni. Ya tatu inaanzisha tawi jipya la `mizani` na kulifungulia folda yake. Ukichungulia ndani ya folda hizo utakuta `.git` si folda tena. Ni faili dogo la maandishi linaloelekeza kwenye repo ya asili. Hesabu ya mradi wetu inakuwa GB 1.2 za historia mara moja, na MB 600 mara tatu: jumla GB 3.0 badala ya 5.4.

Kuna faida ambayo kwangu inazidi hata nafasi. Ukivuta mabadiliko kutoka kwenye seva ukiwa kwenye folda moja, folda zote zinayo. Nakala tatu zilizojitenga zinakulazimisha kulipia bando mara tatu kwa komiti (mabadiliko yaliyohifadhiwa kwenye historia) zile zile.

Mambo ya kuzoea ni machache. Git inakataa tawi moja kufunguliwa kwenye folda mbili kwa pamoja, na ina haki, maana folda mbili zingevutana. Kazi uliyoificha kwa `git stash` inaonekana kwenye folda zote, kwa hiyo ipe maelezo, `git stash push -m "risiti za Tunduma"`, usije ukaifungua mahali pasipo pake. Mafaili ambayo Git haiyafuatilii, kama `.env`, hayatakuwepo kwenye folda mpya, utayanakili kwa mkono.

Ukimaliza kazi:

```
git worktree remove ../parachichi-risiti
```

Usiifute folda kwa `rm -rf`. Kama umeshafanya hivyo, `git worktree prune` inasafisha kumbukumbu zilizobaki. Folda ikihamishwa bila Git kujua, `git worktree repair` ikiendeshwa ndani ya folda iliyohama inarudisha mawasiliano.

Ukiwa tayari una nakala nne

Wengi wanaosoma hapa tayari wana `mradi2` na ndugu zake, na wanaogopa kuzifuta kwa sababu hawakumbuki kuna nini ndani. Hofu hiyo ni halali. Ingia kwenye kila nakala na uiulize:

```
cd ~/kazi/parachichi2
git status
git stash list
git log --oneline --branches --not --remotes
```

Ya kwanza inaonyesha mabadiliko ambayo hayajakomitiwa, ya pili kazi iliyofichwa, ya tatu komiti ambazo seva haijawahi kuziona. Kukiwa na kazi ambayo haijakomitiwa au iliyofichwa, ikomiti kwanza kwenye tawi lake, hata kwa jina la muda. Kisha hamishia matawi yote kwenye repo kuu bila kutumia intaneti hata kidogo:

```
cd ~/kazi/parachichi
git fetch ../parachichi2 'refs/heads/*:refs/heads/nakala2/*'
git branch --list 'nakala2/*'
```

Matawi ya nakala ya pili sasa yapo kwenye repo kuu, kila moja limetanguliwa na `nakala2/`. Angalia kwa macho yako kwamba yote yamefika, angalia pia mafaili yasiyofuatiliwa kama `.env` na data za majaribio, ndipo ufute folda. Rudia kwa nakala inayofuata. Fanya moja moja, usizifute zote kwa mkupuo.

Unapohitaji repo inayojitegemea

Kuna wakati worktree haitoshi. Unataka kujaribu kubadilisha historia yenyewe, au kuendesha skripti ya mtu mwingine usiyoiamini kwenye repo yako. Hapo tengeneza nakala ya ndani:

```
git -C ~/kazi/parachichi gc
git clone ~/kazi/parachichi ~/kazi/parachichi-jaribio
```

Ukiipa Git njia ya kawaida ya folda iliyo kwenye diski ile ile, huunganisha mafaili ya `.git/objects` kwa linki ngumu bila kuambiwa. Historia ya GB 1.2 inaonekana kwenye folda mbili, lakini diski imeihifadhi mara moja. Thibitisha kwa kupima zote mbili ndani ya amri moja:

```
du -sh ~/kazi/parachichi/.git ~/kazi/parachichi-jaribio/.git
```

Faili lenye majina mawili `du` hulihesabu mara ya kwanza tu, kwa hiyo ya pili itatokea ndogo sana. Ukizipima kwa amri mbili tofauti zitaonekana zote kubwa, na utadhani linki haikufanya kazi.

Zingatia mpangilio wa amri hizo mbili, `gc` kwanza kisha `clone`. Kila repo inapofunga mafurushi mapya, inaandika mafaili mapya ambayo hayana linki na mwenzake. Baada ya miezi kadhaa ya kazi, repo mbili zilizozaliwa pamoja zinaweza kuwa zimeachana kabisa, na nafasi uliyookoa imerudi kuliwa. Ndiyo maana nakala ya namna hii naipendekeza kwa majaribio ya siku chache, siyo kwa makazi ya kudumu.

Kumbuka pia kwamba `origin` ya nakala hii ni folda yako ya ndani, siyo seva. Ukitaka itume kazi kwenye seva, ibadilishe kwa `git remote set-url origin` ikifuatwa na anwani ya seva. Na ukiandika `file://` mbele ya njia ya folda, Git inaichukulia kama seva ya mbali na kunakili kila kitu, hivyo linki hazipo.

Linki ngumu haivuki partisheni, yaani kigawanyo cha diski. `/home` ikiwa partisheni moja na `/data` nyingine, Git inanakili kawaida na haitoi onyo. Flash iliyofomatiwa FAT32 au exFAT haina linki ngumu kabisa. NTFS ya Windows inazo, na huko nako nakala ya ndani ndani ya diski moja inaokoa nafasi.

Maabara ya chuo au ofisi yenye kompyuta moja ya watu wengi

Mbeya na Iringa ni miji ya vyuo, na hali hii iko kwenye maabara nyingi: watumiaji ishirini kwenye seva moja, wote wanahitaji repo ile ile ya mradi wa darasa, na mtandao ni wa kugawana. Hapa linki ngumu mara nyingi hazitafanya kazi. Usambazaji mwingi wa Linux umewekwa ulinzi (`fs.protected_hardlinks`) unaomzuia mtu kuunganisha faili la mwenzake asilo na ruhusa ya kuliandika. Git za zamani zikikuta hivyo hunakili kimya kimya, na za karibuni hukataa kabisa kunakili repo ya mtumiaji mwingine mpaka uiruhusu kwa `safe.directory`.

Njia inayofaa ni repo moja ya pamoja inayotunzwa na fundi wa maabara:

```
git clone --mirror ANWANI_YA_SEVA /srv/git/parachichi.git
git -C /srv/git/parachichi.git config gc.auto 0
git -C /srv/git/parachichi.git config gc.pruneExpire never
```

Kila mwanafunzi anachukua nakala yake akiitegemea hiyo:

```
git clone --reference /srv/git/parachichi.git ANWANI_YA_SEVA
```

Git inaandika njia ya repo ya pamoja kwenye `.git/objects/info/alternates`. Objekti iliyopo kwenye repo ya pamoja haipakuliwi wala haihifadhiwi tena. Kwa mradi wa GB 1.2 na wanafunzi ishirini, unaongelea GB 24 zinazogeuka kuwa moja na kitu, pamoja na vipande vidogo vya kila mtu, na mtandao wa maabara unapumua.

Lakini hapa nasisitiza kwa nguvu zote: repo inayokopa inakufa ikiwa repo inayokopesha imefuta objekti. Ndiyo sababu ya mistari miwili ya `gc` pale juu. Fundi asihamishe folda hiyo, asibadilishe jina lake, na asiisafishe kabla ya kuwaambia watumiaji. Mwanafunzi anayehitimu na kuondoka na kazi yake aendeshe hii kwanza:

```
git repack -a -d
rm .git/objects/info/alternates
git fsck
```

Amri ya kwanza inavuta kila kilichokopwa kiwe chake, ya pili inakata deni, ya tatu inahakikisha hakuna kilichopungua. Kwa sababu ya uangalifu unaohitajika, njia hii ni ya mahali penye mtu anayewajibika na seva. Kwenye laptopu yako binafsi, worktree inatosha.

Mafaili ya kazi yenyewe

Mpaka hapa tumeshughulikia historia. Bado MB 600 za picha na ramani zinajirudia kwenye kila folda ya kazi, na hapa ndipo kishawishi kinapokuja: kwa nini nisiunganishe folda nzima kwa `cp -al`? Jibu umeliona kwenye jaribio la `a.txt` na `b.txt`. Utahariri faili la msimbo kwa VS Code kwenye folda moja, na toleo la mteja kwenye folda nyingine litabadilika bila wewe kujua. Msimbo usiuunganishe kwa linki ngumu.

Kuna njia tatu salama, na ninayoanza nayo ni kutoyafungua kabisa mafaili usiyoyahitaji. Tangu Git 2.25 ya mwaka 2020 kuna amri yake. Kama kwenye folda ya risiti unahitaji `src` na `hati` tu:

```
cd ../parachichi-risiti
git sparse-checkout set src hati
```

Folda ya picha inaondoka kwenye diski, historia inabaki kamili, na `git sparse-checkout disable` inarudisha yote. Kwa mradi wetu, folda ya risiti inaweza kushuka kutoka MB 600 hadi makumi machache.

Njia ya pili ni ya wenye Btrfs au XFS. Mifumo hii inaruhusu mafaili mawili kutumia data moja mpaka mmoja wao utakapoguswa, na hapo ni sehemu iliyoguswa tu inayopata nafasi yake. Uhariri wa namna yoyote ni salama. Ukiwa kwenye `~/kazi`:

```
cp -a --reflink=always parachichi parachichi-jaribio
```

Andika `always` badala ya `auto`, kwa sababu `always` inakataa waziwazi pale mfumo usiporuhusu, wakati `auto` inanakili kawaida na kukuacha ukiamini umeokoa. Fedora ya mezani inatumia Btrfs tangu toleo la 33 la mwaka 2020. Ubuntu na Debian kwa kawaida huweka ext4, ambayo haina uwezo huu. Usiamini `du` katika kupima akiba hii, yenyewe inaona ukubwa kamili kila mahali. Linganisha `df` kabla na baada.

Ya tatu ni linki ngumu kwa mafaili makubwa ambayo hakuna mtu anayeyahariri kwa mkono: picha, ramani, sauti, fonti. Programu ya `hardlink` inayafananisha na kuyaunganisha. Ianze na `-n`, ili ionyeshe tu bila kutenda:

```
hardlink -n -t -s 1M parachichi/picha parachichi-mizani/picha
```

`-t` inaiambia isijali saa za mafaili. Bila hiyo haitapata kitu, kwa kuwa folda mbili zilifunguliwa saa tofauti. `-s 1M` inaacha mafaili madogo. Ukiridhika, ondoa `-n`. Kisha yaondolee ruhusa ya kuandikwa:

```
find parachichi/picha -type f -links +1 -exec chmod a-w {} +
```

Ruhusa ziko kwenye faili, siyo kwenye jina, kwa hiyo folda zote zinalindwa kwa amri moja. Git haitalalamika, maana inafuatilia ruhusa ya kuendesha faili tu, siyo ya kuliandika. `git status` ya kwanza baada ya hapo itachukua muda kidogo kwa sababu kuunganisha hubadilisha saa moja ya ndani ya faili, na Git inalazimika kulisoma upya kuhakikisha. Ya pili itarudi kwenye kasi yake.

Folda ya `node_modules` nayo, yenye vifurushi vya miradi ya JavaScript, ambayo mara nyingi ndiyo mla nafasi mkubwa kuliko hata historia, ina dawa yake: pnpm, programu ya kusakinisha vifurushi hivyo. Inahifadhi kila kifurushi mara moja kwenye ghala moja la kompyuta, na kwenye ext4 inayaweka mafaili kwenye miradi kwa linki ngumu. Ghala liwe kwenye partisheni ile ile ya miradi. Na usihariri faili ndani ya `node_modules` ili kujaribu kitu haraka, kwani utakuwa umehariri ghala, na kila mradi unaotumia kifurushi hicho.

Ninyi mnaotumia Subversion

Subversion inahifadhi nakala safi ya kila faili pembeni ya lile unalolihariri, ndipo `svn diff` ifanye kazi bila mtandao. Kwa hiyo folda moja ya kazi inakaribia kuwa na ukubwa maradufu, na folda tatu ni mara sita. Tangu toleo la 1.7 la mwaka 2011, nakala hizo safi zinakaa mahali pamoja, `.svn/pristine`, na kila moja ina jina linalotokana na yaliyomo.

Umeshaona inakoelekea: hayo hayabadiliki, basi yanaunganishika.

```
hardlink -n -t kazi-a/.svn/pristine kazi-b/.svn/pristine
```

Ondoa `-n` ukiridhika na orodha. Usiendeshe amri hii wakati `svn update` inaendelea.

Usichotakiwa kukifanya ni kuunganisha faili unalolihariri na nakala yake safi, hata kama kwenye karatasi inapunguza nusu ya ukubwa wote. Ukiendesha `hardlink` kwenye `kazi-a` nzima, hivyo ndivyo itakavyofanya. Ukihariri kwa nano, nakala safi nayo inabadilika, `svn diff` inaweza kukuambia hakuna kilichobadilika, na siku ya kukomiti Subversion inagundua kwamba alama ya uhakiki haifanani na faili. Taja njia ya `.svn/pristine` kila mara, usitaje folda ya juu yake.

Bando, na kinachookolewa mahali pasipofaa

Kuna njia mbili zinazopendekezwa sana za kupunguza ukubwa. `git clone --depth 1` inaleta hali ya sasa bila historia, na inafaa kwa kitu unachotaka kukijenga au kukisoma tu. `git clone --filter=blob:none` inaleta orodha ya historia yote bila yaliyomo ya zamani, kisha inayavuta unapoyahitaji. Hii ya pili ni nzuri kwa mwenye intaneti isiyokatika. Kwa mtu anayefanya kazi safarini kati ya Makambako na Ludewa, au ambaye bando lake linaisha jioni, siipendekezi: unaandika `git blame` kutafuta chanzo cha hitilafu, na Git inaanza kutafuta mtandao ambao haupo.

Kabla hujaziita nakala zako akiba

Folda mbili zilizounganishwa kwa linki ngumu siyo nakala mbili za usalama. Data ni moja. Sehemu ya diski ikiharibika, imeharibika kwenye majina yote. Nakala ya akiba itoke nje ya diski hiyo. Kwenye flash au diski ya nje njia nyepesi ni kufunga historia yote kwenye faili moja:

```
git bundle create /media/akiba/parachichi.bundle --all
git bundle verify /media/akiba/parachichi.bundle
```

Faili hilo linakaa hata kwenye exFAT, na kwenye FAT32 ikiwa halifiki GB 4. Siku ya kulirudisha, `git clone parachichi.bundle` inatosha.

Ukinakili folda zenyewe kwenda diski nyingine ya Linux, tumia `rsync -aH`. Bila hiyo `H`, kila jina linakuwa faili kamili kule linakofika, na mzigo uliokuwa GB 3 unaweza kujaza diski ya nje. `tar` inahifadhi linki kwa mafaili yaliyo ndani ya kifurushi kimoja. `zip` haizihifadhi.